Msalaba Juu ya Gunia la Maharage

Keza, Ngara
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa kaka Privatus,

Shikamoo. Ile homa uliyotuambia kwenye simu imekuacha? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, isipokuwa macho ya mama. Sasa hayaoni hata mwanga wa mlangoni.

Kaka, nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia, au ningekutukana.

Ulipotutumia televisheni ulisema, "Itundikeni pale katikati, mgeni akiingia aione." Pale katikati palikuwa na msalaba wa marehemu baba. Shajara yangu inasema tarehe 2 Machi mdogo wetu Anold aliung'oa, na mimi ndiye niliyemshikia stuli. Tulisema tutautafutia mahali pengine. Hatukutafuta.

Mama alijua televisheni ipo. Kwamba imechukua mahali pa msalaba, hatukumwambia. Kila jioni alipiga magoti palepale, nasi nyuma yake tukitazama tamthilia bila sauti. Kuzima sauti tuliita heshima.

"Leo mama anamwombea yule muuaji wa tamthilia," Anold alinong'ona siku moja. Mwanangu Happy akacheka. Nami nilicheka, kaka.

Jumapili iliyopita, aliposikia unaumwa, mama alisimama akutundikie rozari msalabani, kama alivyofanya kila mmoja wetu alipougua. Akanyoosha mkono kuitafuta miguu ya Yesu. Akagusa kioo. Kilikuwa na joto.

"Scola, hiki nini?"

"Televisheni ya kaka, mama."

Aliuondoa mkono. Halafu akauliza, "Kumbe habari za Privatus nilikuwa namwambia nani?"

Nimehesabu kwenye shajara: siku tisini na tisa. Msalaba niliukuta stoo, juu ya gunia la maharage, umefunikwa na boksi la televisheni. Babu alipobatizwa alichoma kibanda cha mizimu akijua anaacha nini. Sisi tulimwondoa Mungu ukutani bila hata kubishana. Tulichobishania ni rimoti.

Msalaba nimeurudisha. Televisheni imo kwenye boksi lake, na Anold hanisemeshi. Ukija likizo, ondoka nayo.

Happy anakusalimu. Nisalimie wifi Deodata na watoto. Mungu, ikiwa bado anaisikiliza nyumba hii, akuponye.

Mama naye anakusalimu. Rozari yako ameitundika. Ila siku hizi, kabla ya kupiga magoti, huupapasa ukuta kwanza.

Mdogo wako akupendaye hata kwa uchungu,
Scolastica