Jengo la Ghorofa Sita kwa Gogo Moja

Newala

Mama, shikamoo.

Huku juu ukungu hauondoki mpaka saa nne, na ming'oko wanayochimba porini ni mitamu kuliko ya kwetu Lulindi, usinikasirikie. Jana nilimwona mchongaji mmoja, mkimbizi wa vita vya Msumbiji, aliyewahi kufanya kibarua cha ujenzi Dar. Kwa gogo moja la mpingo amechonga jengo la ghorofa sita, na kuta zake zote ni watu waliobebana.

Afisa mmoja aliyesimama kulitazama akamwuliza, "Ndugu, mbona watu wako ukutani, madirishani hamna mtu?"

"Wa madirishani hawakulijenga," akajibu, huku anaendelea kuchonga.

Yule wa chini kabisa shingo yake imelalia kushoto, nikaona kama naijua. Nikauliza ni nani.

"Huyo Baba Yohana wa Lulindi. Alibeba makarai ya zege mpaka shingo ikapinda."

Nikamwambia, "Yohana ndiye mimi." Hapo ndipo alipoweka patasi chini.

Mungu awatunze. Baba mpe shikamoo yangu na salamu za fundi. Na wale wanaomcheka shingo kilabuni, waambie imebeba ghorofa sita na haijatua.

Mwanao,
Yohana