Nyimbo za Baba Mkwe Zimekwama kwenye Disketi

Ma Bernadina mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla fundi wa redio wa Kemondo hajaniwahi. Marehemu mume wangu, Buberwa, alifanya kazi kwenye mradi wa yatima huko Muleba, mradi ulipofungwa wakampa kompyuta yao kuukuu, na jioni baba mkwe akija na nanga yake, zeze letu la nyuzi, kutuimbia nyimbo za wazee, Buberwa anaandika maneno kwa vidole viwili, anamwambia baba yake, "Tata, rudia hapo," mzee anafoka, "Wimbo haukatwi katikati!" anaanza upya, sisi tunacheka huku tunakaanga senene, jamani, nyumba ilijaa watu siku zile, ingawa misiba ilikuwa kila kijiji, silimu, huu ukimwi, ilikuwa bado haijabisha hodi kwetu. Mzee akatangulia, kisha Buberwa, mwaka 1996. Shemeji yangu Ndyamukama alitaka anirithi kama mila ilivyo, nikakataa mbele ya ukoo, akakasirika, akabeba kompyuta hadi kwake Ngenge, ambako hata umeme hakuna, ikawekwa juu ya magunia ya maharage, mimi nikabaki hapa Nyanga na disketi tu aliyohifadhia Buberwa, nikijua nyimbo zimo. Juzi nikaipeleka kwa wachapaji mjini Bukoba ili binti yangu Kokubanza, asiyekumbuka hata sauti ya babu yake, apate za kusoma. Kompyuta yao ikasema disketi haisomeki, je, iisafishe, yaani ifute vyote, ianze upya? Mchapaji akataka kubonyeza ndiyo, nikamshika mkono! Akaniambia ya mradi lazima ilikuwa Makintoshi, zao ni Windows, hazisomani. Na sasa nasikia Ndyamukama anampa yule fundi wa redio ile kompyuta aing'oe vipuri. Hatusalimiani tangu msiba. Nikienda atasema nimejirudisha anirithi, nisipokwenda nyimbo zimepotea. Nifanyeje?

Kokushubila, Nyanga, 1999

Marahaba Kokushubila, na pole sana. Kukataa kurithiwa ulifanya vizuri, kwa maradhi ya miaka hii huenda ulijiokoa wewe na yeye pia. Lakini mwanangu, miaka yote hiyo umefungia disketi kabatini na hujajaribu kuifungua hata mara moja? Ulidhani kuwa nayo ndiyo kuwa na nyimbo! Loo! Ulimwachia mtu msiyesalimiana chombo pekee kinachoisoma, ukalala usingizi.

Nenda wiki hii. Usiende peke yako, mchukue wifi yako mmoja, dada wa marehemu. Kabla hata hujakaa, sema hukuja kwa habari ya kurithiwa wala kumnyang'anya kompyuta, unaiazima kwa siku moja. Kwa kuwa Ngenge hakuna umeme, ipelekeni Muleba, mwombe mchungaji wa kanisa la huko umeme wa ofisini kwake, na yule mchapaji mlipe nauli aje. Nyimbo zikifunguka, azihifadhi kama maandishi matupu, bila mapambo, kwenye disketi ambayo Windows inaisoma. Isipowezekana, nakilini kwa mkono mpaka mmalize. Siku hiyohiyo zichapwe kwenye karatasi, maana disketi nazo huoza. Na mtu yeyote akiulizwa kuhusu kusafisha, jibu ni hapana.

Halafu Ndyamukama aje naye hapo ofisini, hata akinuna. Kompyuta ikiwaka, usikimbilie kunakili. Msomee wimbo wa kwanza kwa sauti. Wewe unamlilia baba mkwe, yeye alimzika baba yake mzazi, na tangu siku ile hakuna aliyemwimbia yeye hata wimbo mmoja wa mzee.