Niliikimbia Maikrofoni, Wakaniita Mjuzi wa Mto

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawati moja, na nikizidi kulificha nitapasuka: mimi sijui chochote kuhusu mito, sijawahi kujua, na ile kambi ninayosifiwa kwayo mtaa mzima niliichagua kwa sababu naogopa kuimba mbele za watu.

Nina miaka kumi na sita. Mimi ni yule mtu ambaye wageni wakija anakimbilia kuosha vyombo hata kama vyombo vyenyewe ni visafi. Mama ni fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, na bosi wao tunamwita Mama Mkasi kwa sababu ulimi wake unakata kabla hajapima. Baba anaendesha gari la mkate. Shuleni tunafundishwa kwa lugha nyingine na nyumbani ni Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye macho ya familia, karatasi za dawa nasoma mimi, maelekezo ya mashine mpya ya vifungo nasoma mimi, na mtu akimpigia mama simu kwa ile lugha, mama ananisukumia simu kama vile inaunguza.

Basi karakana ikimaliza sare za mwaka, mafundi hutoka matembezi na familia zao, na mwaka huu wakasema tusiende kula tu na kurudi, tukalale kwenye mahema, kule bondeni mtoni. Bonde lile lina kambi mbili. Moja iko chini kwenye kona ya mto, tambarare kama meza, nyasi laini, vyoo karibu. Nyingine iko juu kwenye mwinuko, unaipanda kwa njia ya mawe, ardhi yake ina vijiwe vya kukuchoma mgongo na majirani ni ng'ombe. Shangazi yangu ni msusi, na ndiye mpangaji wa safari zetu zote tangu sijazaliwa, akasema ya chini. Na hakusema hivihivi, alikwenda mwenyewe kuiona, akamuuliza mlinzi, akawauliza wenye duka, wakamwambia msimu huu maji hayajawahi kuvuka ukingo. Mimi nilipewa kazi ya kuwasomea maelezo ya kambi kwenye simu ya Mama Mkasi, kwa sababu yalikuwa kwa ile lugha, nikasimama pale karakanani, cherehani zote zimezimwa, wote wamenikodolea macho, jasho linanitoka mpaka kwenye vidole, nikasoma na kutafsiri mpaka nikafika mahali palipoandikwa kwamba kambi ya chini ina jukwaa na maikrofoni, na kila jioni kila familia inamtoa kijana wake mmoja aimbe, na akikataa anabebwa.

Mshauri, anabebwa!

Familia yetu ina kijana mmoja tu, mdogo wangu bado ananyonya. Sentensi ile sikuiruka, niliisoma, na mafundi wakapiga vigelegele, Mama Mkasi akasema, "Hapo hapo! Bubu wetu mwaka huu tutaijua sauti yake." Ndipo mdomo wangu ukasema wenyewe, "Twende ya juu."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema hewa, ningeweza kusema napenda ng'ombe, ningeweza hata kusema ukweli. Nikasema, "Mto si wa kuaminiwa."

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Wewe mto umeuonea wapi, bombani?" Wote wakacheka, na mimi nikatamani kuingia ndani ya mfuko wa vipande vya nguo. Lakini baba alikuwa amekuja kumchukua mama, amesimama mlangoni na aproni yake ya unga, akasema taratibu, "Huyu hana kawaida ya kusema. Leo kasema. Tumsikilize." Mama akaitikia kwa kichwa na pini zake mdomoni, Mama Mkasi akagonga meza kwa mkasi, ikapita, ya juu. Shangazi alinuna kidogo kisha akaanza kupanga nani atabeba sufuria.

Tulikwenda. Siku ya pili mchana, mbingu ya buluu, nguo zetu zimeanikwa kwenye miiba, nimelala na kitabu usoni, nikasikia sauti kama lori linamwaga kokoto. Nikatazama chini. Mto ulikuwa umebadilika rangi. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko milimani tusikokuona, na maji yalikuja bila papara, kama mgeni anayeijua nyumba, yakavuka ukingo, yakachukua viti, yakachukua mahema, halafu lile jukwaa likanyanyuka, likageuka mara moja kama linaaga, likaondoka. Hakuna aliyeumia, hata mtoto hakukwaruzwa, kwa sababu watu wote wa kambi ya chini waliiacha mali wakakimbilia njia ya mawe, na sisi tukashuka nusu kuwapokea, magodoro vichwani, watoto mgongoni, na aliyetangulia kushuka ni Shangazi, alimpandisha bibi mmoja mnene kwa mgongo wake huku akimwambia, "Shikilia kichwa, bibi, ila nywele usizivuruge, nimezisuka jana."

Tulipokusanyika juu, wote tumeloa na tuko hai, Mama Mkasi akaninyanyua mkono kama bondia. "Huyu! Huyu ndiye aliyesema mto si wa kuaminiwa!" Mshauri, sijawahi kuona watu wengi hivyo wananitazama na nisife. Walipiga makofi, wakanikumbatia watu nisiowajua, mzee mmoja akalia, na sasa sikiliza maajabu: kijana wa kambi ya chini alikuwa ameacha viatu vyake kwenye maji lakini ameokoa maikrofoni na spika yake ya betri. Niliikimbia maikrofoni, ikapanda mlima kunifuata! Wakawasha, wakanitungia wimbo palepale, mafundi wanapokezana, wageni wanaitikia, nimewekwa katikati juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikuimba. Lakini nilisimama, na nitakuambia ukweli, nilisikia utamu mpaka sikutaka kushuka.

Tangu siku ile naitwa Mjuzi wa Mto. Baba amesimulia kwenye kila duka la mkate, na akisimulia habari zangu ananyoosha mgongo. Jirani alikuja kuniuliza achimbe wapi shimo la choo, nikamwonyesha, sijui hata kwa nini. Na Shangazi amekuwa kichekesho. Wateja wanamuuliza saluni kama anasuka na maboya. Nyumbani mtu akipotea njia wanasema usimuulize Shangazi, atakupeleka mtoni. Mwanzoni alicheka nao. Sasa Jumapili haji tena kula kwetu.

Na Jumamosi hii karakana yote pamoja na familia zile za kambi ya chini wanakutana kuchagua kambi ya likizo, bonde jingine, mto mpana zaidi, kambi ziko tatu, watoto watakaa wiki nzima, na wamesema watakwenda popote nitakaponyooshea kidole. Shangazi hakuitwa. Mama Mkasi alisema, "Mwache apumzike." Nimezitazama zile picha mpaka macho yanauma na ninachoona ni nyasi. Shangazi alikwenda, akaona, akauliza, akakosea mara moja. Mimi sikwenda, sikuuliza, nikapatia mara moja. Nikinyoosha kidole vibaya, ni watoto wa watu watakaolala pale. Nikisema ukweli, narudi kwenye vyombo vyangu visafi, na baba atachekwa kwenye kila duka. Nifanye nini?

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu ndani ya ile lugha ya shule nimezoea kujificha. Karatasi hii nimeshaisukuma chini ya shuka kila mtu anapopita. Sasa nasikia ndala za baba, ile ya kulia huwa inaburuzika. Zimepita jikoni. Ziko koridoni. Zimefika mlangoni, na karatasi iko juu ya meza, na mkono wangu nimeutoa.

Ni mimi, Asiyejua Mto

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako imenifikia ikiwa na mstari wa ziada chini, kwa kalamu nyingine, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandikia kwenye usukani: "Nimeisoma yote. Mimi nimemkumbatia tu, wewe mpe ushauri. Baba yake." Basi hofu yako moja ifute. Uliyeogopa kwamba atachekwa amesoma, na stempu amebandika yeye.

Hapo pa kubebwa nimecheka mpaka chai ikanipalia, unisamehe. Kisha nikaacha kucheka.

Kwanza nikutetee. Hukudanganya kuhusu kambi. Uliogopa kuimba, na watu wazima huchagua mahali pa kulala kwa sababu dhaifu kuliko hiyo: huyu anafuata mtandao wa simu, yule anamkwepa mkwewe. Mto ulikuwa na mipango yake, haukusikia maneno yako. Watu wakapona, mkafurahi, ukasimama juu ya ndoo. Furaha ile ni yako, usiirudishe kwa mtu. Ulipokea watu kwenye njia ya mawe, na hilo halikuwa bahati.

Sasa nikukaripie. Jumapili ngapi umekaa mezani ukisikia shangazi yako anachekwa, ukajua kabisa kwamba hakustahili, ukaendelea kutafuna? Hapo haya yako haikuwa haya tena. Ulikuwa unajenga jina lako kwa matofali ya nyumba yake. Shangazi yule alimbeba bibi wa watu mgongoni, na leo anaulizwa habari za maboya! Na usiniambie wewe ni mpole. Upole wako ulijua kusema "twende ya juu" siku ulipotishwa na maikrofoni. Utajua kusema na hili.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ulishaanza, na lile shimo la choo la jirani ni ushahidi. Nenda ukamwambie asichimbe mpaka amuulize fundi.

Jumamosi usinyooshee picha kidole. Picha hupigwa siku ya jua na mtu anayetaka uje. Waambie hivi, hata kwa sauti ndogo: "Ya kwanza nilibahatisha. Niliogopa kuimba. Hii ya pili tukaione, na Shangazi atuongoze." Kisha kaa chini. Mama Mkasi atasema neno lake la kukata, halafu mtu atacheka, na kicheko hicho hakitakuua. Umeona mto ukichukua jukwaa zima na bado unaandika barua.

Mkienda, nenda na shangazi yako, baba awapeleke gari la mkate likimaliza zamu yake. Yeye aulize, wewe usome. Vibao vyote vya kambi vilivyoandikwa kwa ile lugha, visome mpaka yale maandishi madogo ya chini. Aliuliza vizuri safari ile, ila alijibiwa habari za msimu wa pale pale, na hakuna aliyemwambia habari za milimani. Safari hii aulize mvua ikinyesha juu, maji huchukua muda gani kufika. Waulizeni wanaolima bondeni, wanaokodisha watawajibu wakitazama mifuko yenu. Inua macho utazame miti: majani makavu na vitambaa vilivyonasa kwenye matawi vitakuonyesha maji yaliwahi kufika wapi, na vikiwa juu ya kichwa chako, ondokeni. Tafuteni njia ya kupanda, muipande mmebeba mzigo. Kambi ambayo njia yake ya kutokea ni moja na inavuka maji, hata ikiwa na vyoo vya marumaru, msiichukue. Na mahema yakae mbali na miti mizee, inaangusha matawi bila taarifa.

Mkirudi mtakuwa mnajua. Hapo wakikuita Mjuzi, itika.

Kuhusu kuimba: sema "siimbi." Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuimba likizoni. Wakikubeba, niandikie, nitakuja mwenyewe niwashushe.

Lakini Jumamosi iko mbali, na saluni iko karibu. Mngoje shangazi yako amalize kichwa kilichoko mkononi mwake, usimvute pembeni, useme mbele ya mteja yule yule, maana ndiye atakayelifikisha neno mtaani bure. Anza na "Shangazi, wewe uliuliza, mimi sikuuliza, na nimekuacha uchekwe." Nenda leo, kwa miguu yako, na usimpigie simu kwanza.