Siku ya Sitini na Mbili ya Vidonge

Kwa Zacharia wangu, huko Bandari ya Jeddah,

Leo ni siku ya sitini na mbili nameza vidonge vya kuyapa mayai yangu nguvu. Zimebaki ishirini na nane twende kliniki tukapandikize mimba. Madam ninayemfanyia kazi akinisikia nikihesabu husema, "Yalla, haraka, Damaris, meza tupike!"

Lakini nina neno nawe. Dada yako Charity amenieleza ulimwambia mama yenu kwamba tatizo la kukosa mtoto ni lako. Zacharia! Vipimo vyako ni safi. Mimi ndiye niliyeambiwa mayai yamebaki machache. Miaka saba nasemwa mimi, leo umebeba lawama yote bila hata kuniuliza. Nilikasirika, kisha nikajivunia kuwa na mume kama wewe.

Ila mimi sijazoea kubebewa mzigo. Nimempigia mama, nikamwambia ukweli, na kwamba hata vidonge hivi havina hakikisho. Akasema, "Mwanangu, usivimeze tumbo likiwa tupu. Na huyo mwongo mwambie anipigie."

Mpigie leo.

Mkeo anayekupenda,
Damaris
Al-Suwaidi, Riyadh