Saumu Uliyoinusa Ghalani

Baba,

Tangu tukuzike, sukari haijaonekana hapa Koboko. Chai tunayokunywa ungeikataa, halafu ungeinywa huku unanung'unika, kama kawaida yako. Leo asubuhi nimekukumbuka mpaka nikashindwa kuimaliza, nikaona nikuandikie.

Sijui kama huko unajua yaliyompata Mama Zaituni. Yeye ndiye aliyekuletea chakula ghalani siku ile. Mvua ilipokatika, wapagazi wakakukuta umelala juu ya magunia ya karanga, umekwisha kata roho. Kwetu mtu akifa ghafla, watu hawana haja ya kuuliza amekufaje. Wanauliza nani alimpa chakula. Kabla hatujarudi kutoka makaburini, Shangazi Halima alikuwa ameshasema mkeo amekutilia sumu. Mimi nilikula cha chungu kile kile, baba. Nilisema, nikasema tena, wakanijibu kwamba sumu aliitia kwenye sahani yako tu. Mwanamke aliyenilea tangu mama yangu afariki, ndugu zako wakawa wanapanga kumkabidhi kwa askari. Unawajua askari wa siku hizi. Asingerudi.

Aliyemwokoa ni bwana mmoja wa kilimo kutoka Arua. Alikuja kwa ajili ya karanga, lakini aliposikia habari zako akaomba kuona ghala. Alifungua milango yote miwili, akatukataza kuingia mpaka kesho yake. Hakuuliza nani anagombana na nani. Aliuliza siku ile mlango ulikuwa wazi au umefungwa, bati linavuja wapi, vile vidonge vya kuua wadudu uliviweka lini. Kesho yake akafunua turubai lililofunika magunia. Chini yake palikuwa na panya waliokufa, na paka wetu pia, ambaye hakuonja mchuzi wa mtu.

Hapo ndipo Moro mpagazi akakumbuka ulichomwambia ukiwa mlangoni na sahani yako, kabla hujafunga kuzuia mvua: "Leo mama natia kitunguu saumu mingi."

Yule bwana akanyoosha kidole kwenye kopo la vidonge. "Hapana chakula hiyo," akasema. "Hii dawa ikipata maji natoa hewa mbaya. Hewa hiyo nanuka kama saumu."

Nililia pale pale. Ulikuwa unamtania mkeo, baba, na kumbe kilichokunukia ni kifo.

Makopo yale ya vidonge tuliyakuta humo Wahindi walipofukuzwa. Yule mzee wa Kihindi mwenye ghala alikuwa anaviweka vidonge mwenyewe, anafunga, anaondoka na funguo, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ulidhani anaogopa wezi. Sote tulidhani hivyo.

Siku hizi dawa ikiwekwa kila mtu anatoka, hata mvua inyeshe namna gani. Bati limezibwa. Kabla ya kuingia tunafungua pande zote mbili, upepo upite kutwa nzima, na hakuna anayekula mle ndani. Wengine wananicheka, eti binti yako amekuwa askari wa ghala. Waache wacheke.

Lakini kusafishwa jina ni jambo moja, na chakula cha mtu kuliwa ni jambo lingine. Arobaini yako ilipofika Mama Zaituni alipika tangu alfajiri. Sinia likawekwa katikati ya wanawake, na hakuna aliyenyoosha mkono. Yeye alisimama karibu na ukuta, anajifuta vidole kwenye kanga, anafuta tu. Nilitaka kula mimi, ila mimi wangesema nimezoea chakula chake. Shangazi Halima akalitazama lile sinia muda mrefu. Mwisho akasogea, akamega, akala, machozi yanamtiririka. Hakuomba radhi, unamjua dada yako. Aliomba aongezewe mchuzi.

Pumzika sasa, baba, Mungu akupanulie kaburi lako. Funguo za ghala ninazo mimi, na nikiwa hai hakuna mtu atakayejifungia tena na dawa ile. Na Mama Zaituni hatakula peke yake.

Binti yako,
Rehema