Soksi ya Mama Ukutani kwa Gleb

Kwa dada yangu mpenzi Kapitolina,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Foma, na wote mlio chini ya paa moja. Goti linaendeleaje? Nakujua wewe, utatoka kwenda kulisha kuku bila viatu vya manyoya, halafu uniandikie kwamba ni uzee. Sisi huku hatujambo. Presha yangu inapanda na kushuka kama kawaida yake, viazi vimetoka vizuri, na kabichi nimeshatia chumvi mapipa mawili. Yule mbuzi mwenye pembe moja amekufa. Usisikitike, alikuwa mkorofi.

Najua unachotafuta humu ni habari za mwanetu Gleb, basi nianze naye. Mbele kuna jambo jingine, dada, ambalo nimelala nalo miezi minne. Soma kwa mpangilio, usirukie mwisho.

Jumapili nilipanda treni kwenda kwao, kwa sababu Jumapili ndiyo siku familia za wanaanga huonana na watu wao kwenye kompyuta. Tulikaa kwenye kochi. Rimma mkewe katikati, amempakata mjukuu wetu Varya, mimi kushoto pembeni kabisa. Na kulia, mbele ya kioo cha kompyuta, nani? Inessa Karlovna, mama yake Rimma, amepaka rangi ya mdomo! Mwanangu mimi ndiye aliye juu kilomita mia nne, na anayejipamba ni mkwe mwenzangu.

Gleb amevimba uso kidogo, wanasema damu hupanda kichwani kule, lakini anacheka vilevile. Alituambia kwamba mkate wao ni vipande vidogo vya kumeza kwa mkupuo mmoja, maana chembe zikitoka zinaelea na kuingia watu machoni. Kuoga hakuna, ni kujipangusa kwa taulo lenye maji. Mazoezi anafanya kwa saa mbili kila siku, amefungwa kamba kwenye mashine asipae, la sivyo mifupa italainika. Jua linachomoza mara kumi na sita kwa siku moja. Nikamuuliza sasa unasali asubuhi ipi? Akasema, “Mama, naifuata saa ya ukutani tu, jua nimeshalikatia tamaa.”

Kisha akatuonyesha chumba chake. Chumba! Kabati letu la makoti ni kubwa kukishinda. Ndani mna mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani, anaingia, anavuta zipu hadi kifuani, basi. Nikamuuliza, kwani hapo unalala au unasimama? Akasema hata yeye hajui, kule hakuna juu wala chini. Akipitiwa na usingizi mikono inanyanyuka yenyewe mbele yake, kama ya mtu anayeomba mkate. Inessa Karlovna akauliza swali la kisomi kuhusu hewa, unajua alikuwa mfamasia miaka thelathini. Gleb akamsifu, “Hilo swali zuri sana!” Akaeleza kwamba lazima feni impulizie usoni usingizini, isipompulizia pumzi yake mwenyewe itamzunguka kama wingu na ataamka kichwa kinamgonga. Mimi nilipouliza kama anakula akashiba, hakuna aliyesema ni swali zuri. Nilitamani niwe hiyo feni, dada. Nakuambia kweli.

Na ukutani kwake, nilihesabu mwenyewe: mchoro wa Varya, picha ya Rimma, sanamu ndogo ya Mtakatifu Nikolai, na picha tuliyopiga bustanini wakati wa matufaha. Inessa Karlovna katikati, anang'aa kama birika. Mimi sipo. Kuna kiwiko tu. Nakijua ni changu kwa lile kovu la ndoo. Miaka ishirini na sita nimekamua ng'ombe wa watu ili huyo mtoto asome, nikaenda angani kiwiko!

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Unakumbuka safari yake ya kwanza alirudi analalamika usingizi. Alisema kichwa hakiegemei kitu, kinaelea kama kizibo cha chupa, mtu anashtuka kila mara. Basi Inessa Karlovna akamshonea kimto bapa chenye mkanda wa kufunga kwenye paji la uso, kichwa kibanwe kidogo, mtu ajione yuko kitandani. Kila mtu alimsifu. Mimi nilifuma soksi za sufu ya mbuzi, ndefu mpaka gotini, nyayo nikazifuma mara mbili zisitoboke.

Siku Gleb alipoondoka, Rimma aliupima mfuko wake wa vitu binafsi kwenye mizani ya jikoni. Kilo moja, hairuhusiwi hata gramu zaidi. Soksi zangu hazikuingia. Gleb akanibusu, akaniambia, “Mama, usinune, zitakuja na chombo cha mizigo.” Na Inessa Karlovna akanishika bega, akasema, “Taisia mpenzi, kule hawakanyagi chini, wananasa mguu kwenye vyuma. Sugu zinaota juu ya mguu, nyayo zinakuwa laini kama za mtoto. Ungezidisha sufu huku juu.” Alisema kwa upole. Upole wake ndio ulionichoma.

Wote wakaenda sebuleni kukaa kimya kabla ya safari, kama tulivyolelewa. Mimi nikabaki nyuma. Nikakitoa kile kimto, nikakitia ndani ya blauzi yangu, nikazisukuma soksi mahali pake. Kisha nikaenda nikakaa na wenzangu, macho chini, kama mtawa. Tuliponyanyuka na Gleb akavuka kizingiti, nikataka kupiga kelele mfuko ufunguliwe. Lakini kurudi nyuma ni mkosi, ningemrudishaje mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti anakwenda kupanda roketi? Wewe ungethubutu? Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Jumapili hiyo nikamwuliza kama soksi zinamtosha. Rimma anadhani Gleb alizichomeka mwenyewe dakika ya mwisho, Gleb anadhani ni Rimma. Gleb akacheka mpaka akageuka kichwa chini. Akasema hazivai, nyayo zile ni nene bure. Kisha akaingia kwenye mfuko wa kulalia atuonyeshe: soksi yangu moja, ndefu, ameipitisha kwenye paji la uso na kuifungia ukutani, ule unyayo mnene uko nyuma ya kisogo. Akasema, “Nalala na soksi ya mama kila siku. Bila hiyo ningekuwa nimeshapata wazimu.” Dada, nilimtazama Inessa Karlovna hivi, kwa pembe ya jicho. Nilikuwa malkia.

Ndipo Gleb akaongeza, kwa mzaha, “Inessa Karlovna, usijali ulivyosahau kile kimto, mama ameniokoa.”

Yule mwanamke akacheka pamoja nasi. Baadaye, tunaosha vikombe, akaniambia amekitafuta nyumba nzima, hata ndani ya jiko. Alikuwa na hakika alikitia mfukoni kwa mkono wake. Rimma amempeleka kwa daktari, akaambiwa achore saa yenye mishale, kama wanavyopimwa wazee wanaopoteza kumbukumbu, bibi aliyepima dawa za mji mzima kwa gramu! Kuanzia hapo hamruhusu kumchukua Varya shuleni, anaogopa atamsahau njiani. Ukutani jikoni Inessa Karlovna amebandika karatasi kwa mwandiko wake mzuri: zima gesi, funga mlango. Akaniambia, “Taisia, nimekuwa gunia lililotoboka.” Na mimi nikamjibu nini? Nikamwambia pole. Nikapangusa kikombe.

Kimto kiko hapa kwangu, chini ya unga.

Chombo cha mizigo kitaruka kabla ya Mwaka Mpya, na Rimma anakusanya vitu mpaka Alhamisi. Jumatano napanda treni nikiwa nacho mkononi. Nitasema mbele ya wote, Varya akiwepo. Najua kitakachofuata. Rimma hataniweka tena kwenye kochi lile, na kimto kikifika juu, Gleb ataifungua soksi yangu na kuitupa kwenye takataka. Hilo la pili ndilo linaloniliza.

Barua naitia posta leo, kwa makusudi. Itakufikia wiki ijayo. Ikifika, mpigie simu Inessa Karlovna umuulize kama nimesema. Kama sijasema, mwambie wewe. Najijua, naweza kushuka njiani nikarudi.

Msalimie shemeji, na yule binti wa jirani anayekusomea ninapoandika vibaya, ila hii usimpe asome. Gleb anamsalimu mama yake mkubwa. Goti lifunge kitambaa cha sufu.

Ni mimi mdogo wako,
Taisia

Nimesahau kitu. Jana mchana nilijilaza nikajifunga kile kimto kichwani, nikione ubaya wake kabla hakijaondoka. Dada, kimeshonwa vizuri. Nililala kama mtoto.