Mama Godoro Hajalala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi sakafuni, maana kiti changu kimoja kimegeuzwa basi na cha pili ndicho abiria. Goti lako linaendeleaje? Au bado mnabishana kila asubuhi, wewe unataka kuinuka na lenyewe linakataa? Na baba, ile miwani yake ameipata, au bado anaitafuta huku ameivaa? Sisi huku hatujambo kabisa. Mapacha wako wana miaka miwili na nusu sasa, na majina yao ya mzaha yamewaganda kuliko yale tuliyowapa. Kishindo anakimbia tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkamate njiani. Kimya yeye anamtazama nduguye na kutabasamu, kama mzee aliyekwisha kuona mengi. Wanakula vizuri, na meno yao yametimia. Nayajua moja moja, kwa kuwa yote yamepita mkononi mwangu.

Barua yako nimeipata, nikaisoma, nikairudia. Unasema shangazi alikuja kwako na habari kwamba nimeacha kazi kiwandani, sina mume wala mshahara, nakaa tu nyumbani, na watu wananicheka. Ukaniuliza kwa upole, na upole wako ukanitisha kuliko kama ungefoka: "Mwanangu, ni kweli unakaa tu?"

Mama, kukaa ni kweli nakaa. Hilo neno "tu" ndilo nataka tulizungumze.

Kazi ya kushona magodoro niliiacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa naondoka wajukuu zako wamelala, narudi wamelala. Msichana aliyekuwa akiwaangalia ndiye aliyekuwa akinisimulia habari zao, kama mtu anavyomsimulia mwenzake mpira aliokosa kuutazama. Siku moja nikiwa nyumbani Kishindo alijibana kidole, akaja anatambaa na kilio chake. Nikamfungulia mikono. Akanipita, akaenda kulia kifuani kwa yule msichana. Sikumlaumu mtoto, wala yule msichana. Nilimaliza mwezi nikaaga. Siku hizi fundi makochi wa mtaa wa pili ananiletea foronya za mito, nami nazishona kwa cherehani yangu watoto wakilala mchana. Tunakula, tunavaa, tunacheka. Watakapoanza chekechea nitarudi kiwandani, na msimamizi amesema nafasi haitakosekana.

Lakini kwa watu, mwanamke asiye na mume akionekana nyumbani saa nne asubuhi ni kesi. Msusi mwenye saluni ghorofa ya chini ndiye aliyenipa jina. Alisema nimewashonea watu magodoro hadi nikaingiwa na wivu, sasa nimeamua kulilalia la kwangu. Jengo zima likacheka, na tangu siku hiyo mimi ni Mama Godoro. Nami nilicheka, mama, kwa sababu utani mzuri ni mzuri hata ukikuangukia wewe. Kilichonichoma ni kingine. Jirani ambaye mlango wake unatazamana na wangu, mke wa dereva wa lori, naye anakaa nyumbani na mtoto wake mchanga. Yeye wanamsifu: mama mtulivu, anajua kulea, nyumba yake ina baraka. Mimi nafanya yaleyale, tena na nepi maradufu, naitwa mvivu. Na wengine hawakuishia kwenye uvivu. Walianza kuulizana nakula nini, na huyo anayenilisha huwa anaingia saa ngapi.

Sasa nikupe kisa chenyewe.

Asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti namvuta Kimya kutoka uvunguni mwa kitanda, mlango uligongwa kama wanavyogonga askari. Kufungua, namkuta mama mtu mzima, mrefu, amevaa akapendeza, begi begani na mwavuli mkononi, na jua linawaka hadi lami inanuka. Huyu mama nitakwambia ni nani, lakini nivumilie kidogo. Nataka kwanza umpende. Kwa sasa mwite kama jengo zima linavyomwita, Bibi Mwavuli.

Alijitaja, akakataa kiti. Alisema amesikia habari zangu, kwamba nalala mchana kutwa na watoto wanajilea wenyewe kama paka wa sokoni. Amekuja kuona kwa macho yake, na akishaona atafanya atakalofanya. Niliogopa, mama. Lakini ulimi wangu sijui uliupata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Karibu sana, mama. Ushinde nasi leo, jioni ndipo useme."

Akashinda. Chai yake haijapoa, Kishindo alishaufungua mwavuli humo humo ndani, ameingia chini yake na kikombe cha unga, anatunyeshea mvua. Bibi Mwavuli aliruka kumzuia, akateleza, akaketi ndani ya beseni la nguo nilizoloweka. Nikafumba macho kungoja matusi. Nikasikia kicheko, mama, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akaanza kukohoa. Kuanzia hapo hakupata pumzi. Alimkimbiza mmoja ngazini, kurudi akamkuta wa pili anaonja sabuni. Alipika uji, ukamwagwa, akapika mwingine. Halafu Kimya, ambaye hamkaribii mgeni hata kwa peremende, alimletea kiatu kimoja, akampandia mapajani, akamwegemea. Yule mama akatulia tuli, kama mtu aliyetuliwa na ndege na hataki aruke.

Mchana watoto walilala, nami nikavuta cherehani yangu. Punde msusi akapanda, eti anaomba chumvi. Alikuwa amemwona mgeni akiingia na hasira zake, basi alikuja kuchungulia ugomvi. Alichokikuta ni mimi nashona, na juu ya lile godoro langu maarufu Bibi Mwavuli amelala chali, kinywa wazi, anakoroma, mtoto mmoja huku na mwingine huku. Akafumbua jicho moja, akamwambia, "Mwanangu, nimeshinda humu tangu asubuhi, na nimeshindwa. Anayesema huyu analala, kesho zamu ni yake."

Ilipofika jioni hakutoa hukumu yoyote. Aliuliza kama nina shuka la ziada. Hajaondoka mpaka leo, ila siku aliyokwenda kuchukua nguo zake.

Wiki chache baadaye karani wa mwenye nyumba aliita kikao cha wapangaji uani, Jumapili alasiri. Hoja ilikuwa mimi. Alisema mwenye nyumba hamtaki mpangaji ambaye asubuhi hatoki kwenda kazini na wala hana mume anayetoka kwa niaba yake. Jambo hilo linaharibu sifa ya jengo, na huenda nikatakiwa kuhama. Chumba kile ndicho watoto walichojifunzia kutembea, na mwenye watoto wawili na asiye na mume hapati kingine kwa urahisi. Mwenyekiti wetu ni mkaguzi wa tiketi za treni aliyestaafu, na vikao anaviendesha kwa filimbi yake ya kazini. Akaipuliza, akanipa nafasi ya kujitetea.

Nilisimama nimembeba Kishindo, kwa kuwa Kishindo ukimweka chini humpati tena. Mwenyekiti, kwa uungwana wake, akasema anishikie mtoto. Alijitakia mwenyewe. Sijamaliza kusema "ndugu wapangaji," Kishindo alishainyakua filimbi. Basi karani akifungua kinywa tu, filimbi inalia. Karani anasema "maadili," pii! Anasema "kanuni za jengo," pii! Watu walicheka hadi mwenyekiti mwenyewe akaishiwa nguvu ya kuidai filimbi yake.

Katikati ya vicheko hivyo nikasema nililokuwa nalo. Nilimgeukia mke wa dereva, nikamwuliza kwa adabu kutwa nzima huwa anafanya kazi gani. Akajibu kwamba analea. Nikasema nami nalea. Nikakaa, maana sikuwa na hotuba nyingine. Kumbe yule jirani, ambaye sijawahi kumsikia akisema lolote mbele za watu, alikuwa nayo. Akasimama. Alisema tofauti yake na yangu anaijua vizuri, anaianika mwenyewe kambani kila Jumatatu, nayo ni suruali ya mumewe. Kisha akamtazama karani usoni. "Kama shida ni hiyo, nitamwazima moja aianike. Kikao kiishe, nina mtoto wa kuogesha."

Mama, uani hapakukalika. Hata karani aliinama kuficha meno.

Ndipo Bibi Mwavuli akainuka, na kicheko kikatulia chenyewe, hakikungoja filimbi. Alisema yeye alizaa wanne, akawalea kwa kuuza vitambaa sokoni, jua lake na mvua yake, na watu walimsifu kwa kuwa hakukaa nyumbani. Halionei haya hilo. Walikula, walisoma. "Lakini hatua zao za kwanza nilisimuliwa," akasema. "Watoto wanne, na sikuiona hata moja. Huyu binti anaziona za wanawe. Mnataka kumhamisha kwa sababu anaziona?"

Nilimwona msusi anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Naye ana binti mdogo, kutwa anashinda kwa jirani. Mwenyekiti, akiwa bado amempakata Kishindo, akasema kikao hakikuona kosa, na karani akamfikishie mwenye nyumba hivyo hivyo. Kishindo akapuliza filimbi, shauri likafungwa. Mwenye nyumba hakuleta neno tena. Msusi naye siku hizi hufunga saluni Jumatano mchana, anapanda juu na binti yake, anajidai amekuja kunisuka. Bado ananiita Mama Godoro, nami naitika.

Sasa mama, umempenda kidogo Bibi Mwavuli? Niambie umempenda, maana nimefika mahali pagumu.

Huyo ni mama yake yule. Yule mwendesha kreni aliyekwenda mbali kutafuta kazi, akajitafutia na mke. Asubuhi ile hakuja kunitembelea. Alikuja kuwachukua watoto. Ndani ya begi mlikuwa na nguo mbili ndogo alizozinunua kwa kukisia, na zote mbili zilikuwa haziwatoshi. Aliniambia yote mwenyewe kesho yake, anaosha vyombo, amenipa mgongo ili tusitazamane. Alisema hakuja kumwombea mwanawe msamaha, mwanawe ana mdomo wake. Anaomba wa kwake yeye, bibi aliyekaa kimya tangu wajukuu wazaliwe kwa kuamini aliyoambiwa na mwanawe. Nilichukua kitambaa, nikasimama karibu naye, nikawa nakausha kile anachoosha.

Najua uliapa. Ulisema mtu wa ukoo ule asikanyage kizingiti chako, hata paka wao. Wakati huo tumbo langu lilikuwa kubwa na mimi sina hata nguvu ya kukasirika, ukanikasirikia wewe kwa niaba yangu. Hilo silisahau. Ndiyo maana katika barua zangu za karibuni nilikuwa nazungukazunguka nikikusimulia mvua na bei ya mkaa. Niliogopa utaniambia nichague. Mama, sitaki kuchagua. Watoto hawa wamepata watu wachache mno duniani kwa mimi kuanza kuwapunguza. Nina furaha. Nimeliandika neno hilo, nimelitazama, sioni pa kulirekebisha.

Mwisho wa mwezi ujao tunakuja huko, mimi na watoto, pamoja naye. Mwanamke aliyemnyamazisha karani mbele ya wapangaji wote ameniuliza mara tatu wewe unapenda rangi gani, na ukikasirika unapiga kelele au unanyamaza. Nimemwambia unanyamaza. Akasema afadhali ungekuwa wa kelele. Amesema hataingia, atasimama nje, na kama hukumkaribisha atageuka bila kinyongo. Sikuombi umpokee mwanawe. Huyu ni bibi mwenzako. Naomba umtazame tu anavyomshusha Kimya mgongoni, ndipo uamue.

Hivi sasa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ananiuliza barua imefika wapi. Nimemwambia imefika kwake. Ameweka sufuria chini, ameketi.

Msalimie sana baba, na shangazi, na majirani wote wanaouliza habari zangu kwa wema, na hata wale wanaouliza kwa mengineyo. Watoto wanakusalimu. Kimya alitaka kuandika mwenyewe, lakini mkononi ana kijiko cha uji, kwa hiyo hilo doa hapo chini ndiyo salamu yake.

Mimi mwanao umpendaye,
Kitinda mimba wako